Mizinga ya Mama Wakati wa Theluji

21 Novemba

Mama, nisamehe kwa kuchelewa. Siku ile gari la wagonjwa lilipokuchukua uliniambia, "Andika kuanzia leo," na leo ni siku ya ishirini na sita ndiyo kwanza kalamu inagusa karatasi. Daftari lilikuwa juu ya pipa la mchele muda wote huo, nalitazama, linanitazama. Danbi akiwa macho siwezi kuandika, akilala nalala naye. Sina sababu nyingine.

Simu najua haikufai. Wifi Mi-ok anasema ukiwekewa sikioni unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata kama upande wa pili hakuna aliyesema neno. Basi nitaandika humu habari za nyuki kama zilivyo. Wewe tulia huko Daegu kwa binti yako mfupa wa nyonga uunge, na baridi ikiisha nitalituma daftari zima kwa posta.

Mizinga ni thelathini na mmoja. Yote nimeifunika kwa yale mablanketi mazito ya banda la pilipili, na chini nimetandika mabua ya mpunga. Vipande vya dawa ya utitiri niliviweka, ila vilichelewa wiki tatu kwa kuwa tulikuwa tunashinda hospitali. Hilo nimeliandika mapema ili usije ukadhani nimelificha.

Baba Danbi bado yuko kwenye barabara mpya, anaendesha katapila la kijiko, anarudi Jumamosi.

24 Novemba

Nimetia chumvi kabichi sitini za achari ya kimchi. Mgongo.

30 Novemba

Joto lisilo la kawaida. Mchana nyuki wanatoka kama vile ni Septemba. Mzee Pyo wa ng'ambo ya kijito alipita akasema nina bahati, mwaka wa namna hii nyuki hawamalizi akiba. Yeye ana mizinga sitini, kwa hiyo anapoongea mtu anasikiliza.

Nilikaa karibu na mzinga wa tisa nikinyonyesha, nikawatazama. Wanaotoka walikuwa wengi. Wanaorudi nilishindwa kuwahesabu, lakini nilipoinuka nilikuwa na wasiwasi ambao sikuwa nao nilipokaa.

3 Desemba

Danbi ameota jino la pili. Mvua, badala ya theluji.

9 Desemba

Mama, uliwahi kuniambia daftari la nyuki halidanganyi, kwa sababu nyuki wenyewe hawadanganyiki. Basi nitaandika niliyoyasikia leo, na jinsi nilivyoyapokea.

Nilikuwa naosha vyombo. Baba Danbi alikuwa anaongea na wifi kwenye simu, sauti imefunguliwa, kwa sababu alikuwa anamenya viazi vitamu. Walikuwa wanakujadili wewe. Wifi alisema daktari ameonya kuhusu kuanguka tena. Baba Danbi akasema utarudi tu, nani atakuzuia, una nyuki wako. Wifi akamwuliza, je, na nyuki wakiisha? Wakazungumza kidogo, wakakubaliana: kufikia majira ya kuchipua ikibaki mizinga kumi, unarudi nyumbani. Ikipungua kumi, masanduku yanauzwa na wewe unabaki Daegu moja kwa moja. Walilizungumza kwa upole, hawakukusema vibaya. Ndiyo maana liliniuma zaidi, kwamba limeamuliwa kwa upole hivyo.

Lakini kabla ya kuuma, Mama, nilipumua. Nimeandika hivyo na sitafuta. Mwaka wangu wa kwanza humu ndani ulikuwa ukiosha tena mchele niliokwisha kuuosha. Ulikuwa ukikunja tena nepi nilizokunja. Hukuwahi kunigombeza, ungenigombeza ningejua la kujibu. Kwa hiyo nilipokuwa na sahani mkononi nikafikiri: jiko litakuwa langu.

Halafu nikatazama nje dirishani, nikaiona ile mistari ya mizinga chini ya mablanketi, nikaona aibu.

14 Desemba

Theluji, hatimaye. Vidole vinne.

Nimeutoa ule mpira mwembamba kwenye msumari wake. Ncha moja kwenye mlango wa mzinga, ncha nyingine sikioni, gonga mara moja kwa kidole. Ulinionyesha mara moja tu, nami wakati ule nilikuwa nafikiria mambo yangu. Leo nilijifunza peke yangu, Danbi mgongoni akinivuta nywele. Kundi zima linajibu "shhh" kwa pamoja, kama watu wanaomnyamazisha mtoto, kisha kimya. Kundi dhaifu linajibu kwa kuchelewa, huku na huku.

Ishirini imejibu vizuri. Kumi na mmoja haikunipendeza.

Nimesimamisha mabua mbele ya milango ili jua linalorudi kutoka kwenye theluji lisiwadanganye wakatoka.

17 Desemba

Nilipokuwa nafagia theluji juu ya mizinga, blanketi la mzinga wa nne liliteleza nikaona maandishi ya penseli ubavuni. Mwandiko wako, ule wa herufi kubwa za darasa la wazee la jumba la kijiji. "WAKALI. USIJE UMEKULA KITUNGUU SAUMU." Nikacheka peke yangu kwenye theluji.

Nikafunua wa tano. "MALKIA MVIVU LAKINI ANA ADABU."

Wa sita: "HUYU ALINIUMA JICHO SIKU YA ARUSI YA TAE-SIK." Kumbe ndiyo maana kwenye picha za arusi yetu umefumba jicho moja. Miaka mitatu nilidhani ulikuwa unanikagua.

Niliacha hapo, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

25 Desemba

Danbi ana kikohozi. Nimekula nimesimama.

6 Januari

Joto limerudi. Theluji yote imekuwa matope. Mzee Pyo ameanza kuamsha nyuki wake, anawalisha ili malkia watage.

Alikuja na habari hiyo mwenyewe, anatembea kama bwana arusi. "Mkaza mwana wa Sun-rye, bado umelala? Sisi wenzio tumeshaamsha. Mwezi wa tano akasia ikichanua, wangu watakuwa jeshi, wenu watakuwa wanapiga mswaki."

Nikamwambia mama mkwe wangu haamshi kabla ya Ipchun, siku ya Februari majira ya kuchipua yanapoanza. Akasema Ipchun ni ya kalenda ya mababu, mababu hawakuwa na joto hili. Kisha akainama kwenye mzinga wa kumi na mbili, mmoja wa ile isiyonipendeza, akausikiliza. Akasema kundi dhaifu likipewa unga wa chavua sasa, malkia atataga, watapata vijana, watapona. Likiachwa litazimika lenyewe.

Baba Danbi naye jioni kasema hivyo hivyo. Bonde zima linafanya hivyo, kwa nini sisi tu.

10 Januari

Nimeamsha mizinga kumi.

Ulisema Ipchun. Sikusahau. Nilichagua kumi kati ya ile dhaifu kumi na mmoja, kwa sababu ya ile namba waliyokubaliana jikoni, na kwa sababu kusikiliza bila kufanya kitu ni kazi ngumu kuliko zote ulizoniachia. Nilifungua, nikapunguza masega, nikawabana pamoja, nikaweka donge la chavua na sukari juu yao, nikafunika mara mbili. Walipanda juu ya donge mara moja. Wazuri, Mama. Walikuwa wazuri sana kuwatazama.

13 Januari

Malkia wa mzinga wa nane anataga. Nimefurahi kama nimetaga mimi.

16 Januari

Kifurushi chako kimefika. Soksi za Danbi, persimoni kavu, na karatasi yenye mistari miwili: "USIFUNGUE. SIKILIZA TU. NA WEWE ULE UMEKAA."

Nimekula nimekaa. Persimoni tatu. Ya nne nimeirudisha kwenye kifurushi.

20 Januari

Leo ni Daehan, siku ya baridi kuu, na mwaka huu imekuja kweli. Asubuhi digrii kumi na saba chini ya sifuri. Bomba la jikoni limeganda. Upepo.

21 Januari

Kumi na tisa chini. Nimeongeza mablanketi yetu mawili juu ya ile kumi. Tumelala watatu chini ya moja, kwenye sakafu inayopashwa moto.

22 Januari

Bado.

25 Januari

Baridi imepungua adhuhuri. Nimekwenda na mpira.

Wa nane haukujibu. Nikagonga tena. Nikagonga kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa ndugu yake. Nikafungua.

Walikuwa wote humo. Walikuwa wamejitandaza juu ya watoto wao, Mama, badala ya kukusanyika pamoja kama tufe. Malkia alikuwa ametaga sega zima, na wao walikuwa wamejaribu kulifunika lote. Hawakutosha. Kila mmoja alikuwa ameingiza kichwa kwenye tundu, mkia nje, wamekufa hivyo, safu kwa safu. Asali ilikuwa vidole vitatu kutoka kwao. Hawakuiendea kwa sababu wangewaacha watoto.

Sikulia pale pale. Nilifunika. Nikaenda kwenye mwingine, na mwingine, mpaka ile kumi ikaisha. Umebaki mmoja kati ya kumi.

Nililia baadaye, nilipokuwa nambadilisha Danbi nepi, kwa sababu alikuwa amelala chali ananicheka na miguu yake ina joto. Mimi ndiye niliyewaamsha. Nyuki wasio na watoto wangejikunja, wangeisubiri baridi ipite. Niliwapa watoto wakati usio wa watoto, halafu wakafanya kile ambacho mama yeyote angekifanya.

Naandika haya wazi. Mzee Pyo alishauri, Baba Danbi akaunga mkono, lakini mikono iliyofungua ni hii.

4 Februari

Ipchun. Jua, hakuna upepo. Nimefungua iliyobaki, ishirini na mmoja.

Nilitegemea kukuta wazima au maiti. Kumi na tatu haikuwa na chochote. Asali ipo, imefunikwa vizuri, chavua ipo, sakafu safi, nyuki hakuna. Katika mmoja nilimkuta malkia na nyuki kama wa kujaza kikombe cha chai, wamemzunguka, na hata hao hawakuwa hai. Nyumba kumi na tatu ambazo wenyewe wametoka wakaacha chakula mezani.

Sasa ndio najua nilichokuwa nakitazama mwezi wa Novemba pale kwenye mzinga wa tisa.

Nane wazima. Pamoja na ule mmoja uliobaki Januari, tisa.

Tisa, Mama. Si kumi.

6 Februari

Nimekuwa nasafisha masanduku yaliyokufa. Kwenye ule wa nane, ule niliouua mimi, penseli iko ndani ya kifuniko. Herufi zimebanana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

"MKAZA MWANA KANISAIDIA LEO. ANA MKONO MWEPESI, NYUKI HAWAKUSHTUKA. SIJAMWAMBIA."

Tarehe ni ya mwaka juzi. Nilikaa chini kwenye mabua.

Kifuniko hicho sijakichoma pamoja na takataka nyingine. Kipo ndani, nyuma ya mlango.

8 Februari

Kesho Baba Danbi anakuja kwa Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi na atahesabu. Mzinga wa ishirini una nyuki wengi. Ningeweza kutoa humo masega mawili nikayaweka kwenye sanduku tupu, kungekuwa na kumi, hata kwa siku moja tu ya kuhesabiwa. Nimelibeba sanduku tupu mpaka pale. Nikafikiri juu ya hayo masega mawili bila malkia kwenye baridi hii, nikalirudisha sanduku bandani.

Nitasema tisa.

10 Februari

Mwaka Mpya. Tumekula supu ya vipande vya mkate wa mchele, Danbi kainama mbele mpaka paji likagusa sakafu, Baba Danbi anasema ameinama kwa heshima, mimi nasema ameanguka.

Baada ya kula akatoka kuhesabu. Nikamfuata na mtoto.

"Tisa," akasema. "Tulikubaliana kumi."

"Mlikubaliana ninyi wawili. Mimi nilikuwa naosha vyombo."

Akanitazama. Hakujua kama nilisikia. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nyuki si tatizo hasa. "Mama Danbi, akianguka huku nje kwenye barafu, mimi niko kwenye kijiko kilomita mia, wewe una mtoto mgongoni. Nani atamwinua?"

"Mimi. Kwani humu ndani vitu vinainuliwa na nani?"

Akataka kucheka, akajizuia. Nikaendelea maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikamwambia yaliyotokea Januari, kwamba ungekuwapo ungenishika mkono kabla sijafungua, na tungekuwa na zaidi ya kumi. Nikamwambia nimepoteza mizinga ishirini na mbili kwa kujifunza peke yangu, na sitaki kujifunza hivyo tena. Nikamwambia pia kwamba dada yake mwenyewe ameniandikia: unakaa kwenye baraza ya ghorofa ya kumi na nne tangu asubuhi, unahesabu magari meupe. Huo si usalama. Huo ni mzinga wenye asali na hauna nyuki.

"Anakuoshea mchele mara mbili," akasema. "Wewe mwenyewe ulinilalamikia."

"Aoshe mara tatu. Mimi ndiye nitakayeishi naye, na mimi ndiye ninayemtaka."

Aliondoka akaenda kutazama kijito.

11 Februari

Asubuhi nilisikia nyundo. Baba Danbi ametoa mabomba ya chuma ya lile banda lililobomoka, anayasimika yawe kishikio kando ya njia kutoka mlango wa jiko mpaka mzinga wa mwisho, urefu wa kiuno chako. Amenisimamisha mara mbili apime, anasema wewe na mimi tunalingana kimo. Sikuwa nimewahi kuligundua hilo.

Nilimpelekea supu.

16 Februari

Mzee Pyo amekuja. Hakupiga kelele za salamu kama kawaida yake, alisimama nje ya uzio mpaka nikamwona. Mizinga yake sitini yote imekwisha. Yote. Iliyoamshwa na isiyoamshwa. Anasema mpaka bonde la juu ni hivyo hivyo, watu wanafungua masanduku wanatazamana. Utitiri, anasema. Dawa ile ile miaka kumi, wadudu wameizoea kama sisi tulivyozoea pilipili, wanaila na wali. Na joto lile la Novemba liliwachosha wazee wa mzinga kabla ya wakati.

Nilikuwa nimejiandaa tangu Januari maneno ya kumwambia. Yalikuwa makali na yalikuwa ya haki. Niliyameza, kwa sababu alikuwa amevaa viatu visivyofanana, kimoja cha mvua na kimoja cha kawaida, na hakuwa amejua.

Akaniuliza kama anaweza kusikiliza. Nilimpa mpira, akaukataa. Akapiga magoti kwenye matope, akaweka sikio lenyewe kwenye ubavu wa mzinga wa ishirini, akafumba macho. Danbi alimwonyesha kidole akanyamaza pamoja naye. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kuhusu magoti yake.

"Wapo," akasema.

Nilimpa kimchi, na nikamwambia aje kesho pia. Kundi la mzinga wa ishirini likigawanyika mwezi wa nne, sehemu itakayotoka itakuwa yake. Nimeamua bila kukuuliza. Kama nimekosea utaniambia ukija.

24 Februari

Theluji kidogo. Danbi amesimama sekunde tatu akishika bomba la baba yake.

2 Machi

Nimeamsha wote tisa. Safari hii nilisubiri mpaka wao wenyewe walipotoka kunya, ikawa madoa ya manjano kwenye nguo zangu zote nilizoanika kambani. Sijawahi kufurahia kufua mara ya pili namna hii.

7 Machi

Wifi amepiga simu. Amesema, "Mumeo, huyu ndugu yangu, ameniambia kila kitu, na kuhusu yale mabomba." Kisha akasema daktari atakuona tarehe kumi na nane, na akiridhika, yeye hatapinga. Anasema umesikia neno "nyuki" kutoka chumba cha pili. Masikio gani hayo, Mama?

9 Machi

Leo mchana nyuki wa mzinga wa ishirini amerudi na miguu ya manjano kwa chavua. Mierebi ya kijito imechanua. Nilimwita Mzee Pyo aone, tukasimama wote na midomo wazi kama watalii.

Tisa wako hai. Malkia wote tisa wanataga, upana wa kiganja kimoja kwenye sega, si zaidi, nami siwaharakishi. Kesho basi la posta linapita, kwa hiyo daftari linaondoka. Limebaki ukurasa mmoja, nauandikia mahitaji. Mwambie wifi atume:

Unga wa chavua, kilo nne, ule usiochanganywa na soya.

Dawa ya utitiri ya aina nyingine, ile ya asidi. Ya zamani nimeitupa. Wauzaji wa soko la Daegu wanaijua, ulizeni namna ya kuipima.

Penseli mbili nene za seremala. Yako imebaki kipande cha ukubwa wa ukucha, na kuna masanduku tisa ambayo sijayaandikia chochote mwaka huu.

Soksi za Danbi za saizi inayofuata. Hizi zimebana.

Karatasi ya daktari inayosema mazoezi ya mguu, mangapi kwa siku, ili usije ukaniambia ni mawili.

Namba ya basi utakalopanda na saa litakapofika, kwa sababu ngazi za stendi bado zinateleza asubuhi, nami nataka niwe nimeshafika chini kabla mlango haujafunguliwa.